Damu ya mashahidi au upanga wa Konstantino? Kanisa la mwanzo lilivyokua

SWALI: Mchungaji wetu hufundisha kwamba damu ya mashahidi ndiyo iliyolikuza Kanisa la mwanzo. Mwalimu wangu wa historia anapinga; anasema bila Kaisari Konstantino, Ukristo ungebaki kikundi kidogo tu kilichojitenga na dini ya Kiyahudi. Yupi yuko sahihi? Na waliwezaje kuenea bila mikutano ya hadhara, bila vipaza sauti na bila majengo ya makanisa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, wote wawili wana sehemu ya ukweli, ila kila mmoja ameangalia pale penye kishindo. Mchungaji wako anamfuata Tertuliani, mwandishi Mkristo wa Karthago, mji ambao magofu yake yako Tunisia ya leo. Mnamo mwaka 197 Tertuliani aliwaandikia watawala wa Kirumi kwamba kila wanapowafyeka Wakristo, Wakristo huzidi kuongezeka, kwa kuwa damu yao ni mbegu. Mwalimu wako naye anatazama mwaka 312, Konstantino alipoiteka Roma baada ya vita vya daraja la Milvio, na mwaka 313, yeye na mwenzake Licinius walipowapa Wakristo uhuru wa kuabudu. Mimi nitakuomba uangalie katikati ya hayo mawili, kwenye ile miaka mingi ambayo hakuna aliyeuawa na hakuna kaisari aliyebatizwa.

Tuanze na hesabu. Mwaka 1996 mwanasosholojia wa Marekani, Rodney Stark, alichapisha makisio ambayo sasa kila anayesoma historia ya Kanisa hukutana nayo. Alikadiria Wakristo 1,000 mwaka 40, na takriban milioni 6 mwaka 300, katika dola lenye watu wapatao milioni 60. Kisha akapiga hesabu ya kasi inayotakiwa kutoka huko hadi huku. Akapata asilimia 40 kila baada ya miaka 10, ambayo ni kama asilimia 3.4 kwa mwaka. Maana yake ni kwamba kikundi cha watu 30 kikipata mtu mmoja mpya kila mwaka, na kisimpoteze, kimeshatimiza kasi hiyo. Kwa mwendo huo Wakristo wote mwaka 100 hawafiki 8,000. Mwaka 200 ni kama 218,000. Na milioni ya kwanza inapatikana karibu na mwaka 250.

Hii si sensa. Ni makisio, na wapo wanahistoria wanaoona milioni 6 ni nyingi mno. Lakini hesabu yenyewe inatufundisha jambo. Kwa miaka zaidi ya mia moja Wakristo walikuwa wachache kiasi kwamba mkaazi wa kawaida wa dola angeweza kuishi na kufa bila kukutana na hata mmoja, kisha kwa kasi ileile katika karne ya tatu wakaanza kuonekana kila mtaa. Mtu aliyezaliwa mwaka 240 na kufa mwaka 300 angeapa kwamba ameona mlipuko, kumbe ni mwendo uleule wa siku zote.

Najua utaniuliza habari za Matendo ya Mitume: watu 3,000 siku ya Pentekoste, na baadaye wanaume 5,000. Hatuna haja ya kugombana hapo. Wengi wa waliokuwapo Yerusalemu siku ile walikuwa mahujaji, wakarudi kwao. Na hata ukianza na watu 5,000 mwaka 40 badala ya 1,000, matokeo yake ni kwamba kasi inayohitajika baadaye inapungua, kama asilimia 31 hivi kwa miaka 10. Ukianza na namba kubwa unazidi kuthibitisha kwamba safari yenyewe ilikuwa ya polepole.

Basi swali linabadilika. Hatutafuti tena tukio moja lililoligeuza dola. Tunatafuta sababu iliyomfanya yule mtu mmoja kwa kila 30 aje kila mwaka, Antiokia, Korintho, Roma, Karthago, na sababu iliyomfanya abaki.

Mambo yanayotajwa mno mashuleni nitayapita haraka: barabara za Kirumi, bahari salama, lugha ya Kigiriki. Yalisaidia, lakini yaliwasaidia pia waabudu wa miungu mingine, kama Isisi na Mithra. Lililo zito zaidi ni masinagogi. Kila mji mkubwa ulikuwa na Wayahudi waliotawanyika, wenye Maandiko yao kwa Kigiriki, tafsiri iliyoanzia Aleksandria, na pembeni yao walikuwapo watu wa mataifa waliompenda Mungu wa Israeli bila kutahiriwa. Lidia, mwuza rangi ya zambarau wa Thiatira aliyekutana na Paulo kule Filipi, alikuwa wa kundi hilo. Akabatizwa yeye na nyumba yake, kisha akawashikilia wageni wakae kwake.

Nyumba, hapo ndipo penye siri. Mwaka 178 hivi mpinzani mmoja aitwaye Celsus aliandika kitabu cha kuwashambulia Wakristo, na kwa bahati njema kwetu Origeni, mwalimu wa Kikristo wa Aleksandria, alimjibu kwa kumnukuu kwa urefu. Celsus anachukizwa na watu anaowaona wakieneza habari hizi: wasokotaji wa sufu, mafundi viatu, madobi. Mbele ya mkuu wa nyumba, asema, hawathubutu kufungua kinywa. Lakini wakiwapata watoto pembeni pamoja na wanawake, huwaambia wasimsikilize baba wala mwalimu. Waje kwenye chumba cha wanawake, au karakana ya fundi viatu, au kwa dobi, wafundishwe ukweli. Ni matusi, lakini adui anayeandika kwa hasira mara nyingi hutaja mambo ambayo rafiki hakuona haja ya kuyaandika. Hapo Celsus amekuchorea njia yenyewe: mama, mtumwa, fundi, jirani.

Ushahidi mwingine wa mtu wa nje ni wa zamani zaidi, nao naupenda kuliko wote. Mnamo mwaka 112 Plinius Mdogo, liwali wa Bithinia na Ponto, kaskazini mwa Uturuki ya leo, alimwandikia Kaisari Trajan kuomba mwongozo. Wakristo wameletwa mbele yake, naye hajui awafanyeje. Anasema wapo wa kila umri, wa kila daraja, wanaume kwa wanawake, na kwamba mambo haya hayajaishia mijini. Yameingia vijijini na mashambani. Mahekalu yalikuwa karibu kuachwa tupu, na nyama ya wanyama wa tambiko ilikuwa haipati wanunuzi. Tangu aanze kuwakamata, anajisifu, soko limeanza kuchangamka tena. Kwa hiyo usishangae kama baadhi ya mashtaka yalianzia buchani.

Plinius aliwahoji pia watu walioacha imani, wengine kwa miaka mingi. Wakamwambia walikuwa wakikutana siku maalumu kabla ya mapambazuko, wakimwimbia Kristo kama Mungu kwa kupokezana, wakila kiapo cha kutoiba, kutozini, kutovunja ahadi na kutodhulumu amana, kisha baadaye wakikusanyika tena kula chakula cha kawaida. Ili kupata uhakika akawatesa watumwa wawili wa kike waliokuwa mashemasi. Tafakari hilo kidogo: mtu wa daraja la chini kabisa mbele ya sheria ya Roma, mwanamke na tena mtumwa, ana wadhifa ndani ya kanisa, mapema hivyo. Trajan akajibu kwamba Wakristo wasitafutwe; wakishtakiwa na wakithibitika waadhibiwe; na barua za mashtaka zisizo na jina zisipokelewe. Utaratibu huo ulitawala kwa zaidi ya miaka 100. Ulikuwa wa hatari, ndiyo, lakini ulimwachia Mkristo nafasi ya kuishi ilimradi jirani yake asimchukie.

Trajan huyohuyo, Plinius alipomwomba ruhusa ya kuunda kikosi cha wazimamoto 150 katika mji wa Nikomedia, alikataa. Sababu: watu wakijikusanya kwa jina lolote, mwishowe huwa chama cha siasa. Dola lililoogopa hata wazimamoto lilikuwa na haki, kwa akili yake, kuwaogopa watu wenye mfuko wao wa fedha.

Na mfuko ulikuwapo. Tertuliani anaueleza: kila mtu hutoa kidogo mara moja kwa mwezi, akitaka na akiweza, bila kulazimishwa. Fedha hizo hulisha na kuwazika maskini, hutunza yatima, watumwa waliozeeka, waliovunjikiwa na merikebu, na waliofungwa au kupelekwa migodini kwa ajili ya imani. Sisi tuliokulia kwenye vyama vya kufa na kuzikana tunaelewa mara moja uzito wa jambo hili kuliko wasomi wengi wa Ulaya. Katika mji wa Kirumi mgeni asiye na ukoo alikuwa hana wa kumzika. Vyama vya maziko vilikuwako kwa wapagani pia, ila mwanachama alilipa kiingilio na faida ilikuwa yake. Huku aliyelipa na aliyezikwa wangeweza kuwa watu wawili tofauti kabisa.

Tuna hata orodha ya stoo. Tarehe 19 Mei 303, wakati wa mateso ya Kaisari Diocletian, maofisa walivamia nyumba ya kanisa katika mji wa Sirta, ambao leo unaitwa Constantine, nchini Algeria, wakaandika kila walichokikuta. Pamoja na vikombe vya dhahabu na fedha kulikuwa na kanzu 82 za wanawake, kanzu 16 za wanaume, jozi 13 za viatu vya kiume na jozi 47 za viatu vya kike. Hayo hayakuwa mavazi ya ibada. Zilikuwa nguo za kugawa, na ukizihesabu unaona waliozihitaji zaidi walikuwa nani. Huko Roma, mwaka 251, Askofu Korneli alitaja katika barua mapadre 46, mashemasi 7, na wajane na wahitaji zaidi ya 1,500 waliolishwa na kanisa la mji huo. Mjane katika dunia ile alisukumwa aolewe tena haraka; kanisa lilimwambia anaweza kubaki alivyo na asife njaa. Jumlisha na hili: Wakristo, kama Wayahudi, walikataza kutupa watoto wachanga, desturi iliyowapata zaidi watoto wa kike. Kidogokidogo jumuiya zao zikawa na mabinti wengi, na mabinti huzaa.

Halafu likaja pigo. Kuanzia mwaka 249 hivi tauni ilizunguka dola kwa zaidi ya miaka 10. Tunaijua kwa jina la Sipriani, askofu wa Karthago, kwa kuwa ndiye aliyeieleza dalili zake. Dionisi, askofu wa Aleksandria, ameacha barua inayosema Wakristo waliwauguza wagonjwa bila kujihurumia, wengi wakafa pamoja nao, huku wapagani wakiwasukuma ndugu zao barabarani kabla hawajakata roho. Dionisi anavutia upande wake, tumsome kwa tahadhari. Bila shaka walikuwapo wapagani wenye huruma. Lakini tunajua kwa magonjwa mengi makali kwamba maji, uji na mtu wa kukugeuza kitandani huokoa wengi hata pasipo dawa. Aliyepona kwa njia hiyo, akaangalia waliokuwa pembeni yake na waliokimbia, hakuhitaji mahubiri marefu.

Sitaki umalize barua hii ukidhani nimeugeuza Ukristo kuwa shirika la misaada. Katika ileile barua ya Korneli wametajwa pia watoa pepo; wao, wasomaji na mabawabu kwa pamoja walikuwa 52. Watu wa kale waliamini dunia imejaa nguvu zinazodhuru, na Wakristo walijulikana kama watu ambao jina la Kristo mdomoni mwao lilifukuza nguvu hizo. Wasomi wengi wa karne ya 20 waliona haya kulitaja. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa mara mbili.

Sasa swali lako la mikutano ya hadhara. Baada ya kizazi cha mitume, wahubiri wa viwanjani karibu hatuwasikii tena. Tena mlango wa kanisa ulikuwa mgumu kuingia. Kitabu cha taratibu kinachohusishwa na Hippolytus wa Roma kinataka mwenye kuomba ubatizo afundishwe kwa miaka mitatu, aletwe na watu wanaomfahamu, na aulizwe kazi yake. Mwenye danguro, mpigana vita vya michezo, mchonga sanamu za miungu: aache au arudi kwao. Asiyebatizwa hakusalia kwenye ekaristi. Wachungaji wengi wa leo wangesema huo ndio mpango kamili wa kuua kanisa. Kumbe ulijenga watu ambao huwezi kuwang'oa kirahisi, na hesabu yetu, utakumbuka, inadai zaidi asipotee mtu kuliko waje wengi.

Kuhusu majengo, hapana shaka walikuwa na vyumba kabla ya kuwa na makanisa. Kule Dura-Europos, kando ya mto Frati nchini Syria, wachimbaji wa karne iliyopita waliikuta nyumba ya kawaida iliyobomolewa ukuta wa ndani ili vyumba viwili viwe ukumbi mmoja, pamoja na chumba kidogo cha ubatizo chenye picha za Mchungaji Mwema na za Yesu akitembea juu ya maji. Ilifukiwa kwa udongo askari wa Kirumi walipokuwa wakiimarisha ukuta wa mji dhidi ya Waajemi, waliouteka mwaka 256. Ndiyo maana imesalia.

Turudi kwa mchungaji wako. Origeni, ambaye baba yake mwenyewe aliuawa kwa ajili ya imani mjini Aleksandria, aliandika mnamo mwaka 248 kwamba waliokufa kwa ajili ya Ukristo hadi wakati wake ni wachache na ni rahisi kuwahesabu. Yeye si mtu wa kudharau mashahidi. Nero aliwaua Wakristo wa Roma baada ya moto wa mwaka 64, lakini hapo ni Roma tu. Mauaji ya karne ya pili yalitokea mji huu au ule, kisha yakapoa.

Mateso ya dola zima yalikuja na Kaisari Decius, mwishoni mwa 249 na mwaka 250, na hayo hayakuzaa mbegu mara moja. Kila mkaazi alitakiwa kutoa sadaka kwa miungu na kupewa cheti. Vyeti vya namna hiyo zaidi ya 40 vimepatikana katika mchanga wa Misri. Sipriani anaandika kwa uchungu jinsi waumini wa Karthago walivyokimbilia uwanjani kabla hata ya kukamatwa, wengine wakiambiwa jioni imeingia warudi kesho, nao wakiomba wahudumiwe leo. Wengine walihonga maofisa wapate cheti bila kutoa sadaka. Sipriani mwenyewe alijificha, akaongoza kwa barua. Alikatwa kichwa baadaye, mwaka 258. Kanisa lilitumia miaka mingi kubishana wapokelewe vipi walioanguka, na likagawanyika kwa ubishi huo.

Kisha mwaka 260 Kaisari Gallienus akakomesha mateso na kuwarudishia maaskofu mahali pao pa ibada. Zikafuata takriban miaka 40 ya amani, na Eusebi wa Kaisaria, askofu na mwandishi wa historia ya Kanisa, anatuambia ndipo majengo ya zamani yalipozidiwa na watu, wakajenga makubwa katika kila mji. Kule Nikomedia kanisa lilionekana kutoka kwenye jumba la Diocletian. Lilibomolewa tarehe 23 Februari 303. Kwa hiyo ukiniuliza ni kipindi gani Wakristo waliongezeka kwa idadi kubwa kuliko vyote kabla ya Konstantino, nitasema ni kile cha amani.

Mbegu ya Tertuliani hata hivyo haikuwa maneno matupu. Wakristo 12 wa Scili, mji mdogo wa Afrika Kaskazini, wanaume saba na wanawake watano, walihukumiwa Karthago tarehe 17 Julai 180, na kumbukumbu ya kesi yao ikasomwa makanisani. Liwali aliwauliza wana nini ndani ya kasha lao. Mmoja wao, Sperato, akajibu, vitabu na barua za Paulo, mtu wa haki. Mashahidi wachache waliowatia moyo walio wengi walifanya kazi hiyo: waliwapa waliobaki sababu ya kutokata tamaa. Walioleta watu wapya walikuwa wengine.

Na Konstantino? Alipokuja, tayari pengine mtu mmoja kati ya kumi alikuwa Mkristo, na katika miji ya Asia Ndogo na Afrika Kaskazini zaidi ya hapo. Alitoa fedha, akajenga makanisa makubwa, akawasamehe makasisi utumishi wa lazima, na mwaka 321 akaifanya Jumapili siku ya mapumziko. Watu wengi waliingia kwa sababu mlango sasa ulielekea ikulu. Hapo mwalimu wako yuko sahihi, na kufikia mwaka 380 Kaisari Theodosius aliitangaza imani ya Nikea, yaani Ukristo kama ulivyokubaliwa na maaskofu katika mkutano wa Nikea, kuwa ndiyo ya dola. Ila kwingine Ukristo ulisonga bila upanga huo. Edesa, kwenye mpaka wa Uajemi, ilikuwa na jengo la kanisa lililoharibiwa na mafuriko mwaka 201, zaidi ya miaka mia kabla ya Konstantino. Katika Aksum, kaskazini mwa Ethiopia na Eritrea ya leo, imani ilifika ikulu kupitia Frumentius, kijana wa Tiro aliyetekwa pwani ya Bahari ya Shamu na kulelewa katika jumba la mfalme; sarafu za Mfalme Ezana zinaanza na mwezi mwandamo na kuishia na msalaba. Na kwa Wakristo wa Uajemi, uongofu wa Konstantino uliwaletea balaa: Mfalme Shapur II akawaona kama wapelelezi wa Roma, akawaua kwa wingi kuanzia miaka ya 340.

Umwambie mwalimu wako pia habari za Julian, mpwa wa Konstantino aliyeurudia upagani na kutawala kuanzia 361. Huyu aliishika serikali yote, naye alitaka kuwarudisha watu kwenye miungu. Katika barua inayobeba jina lake kwa kuhani mkuu wa Galatia analalamika kwamba Wagalilaya (ndivyo alivyowaita Wakristo) hao wasiomcha Mungu wanawalisha maskini wao na wa kwetu pia, kisha anaagiza nafaka na divai zitolewe kila mwaka kwa ajili ya maskini na wageni, na hosteli zijengwe katika kila mji. Aliuawa vitani Uajemi mwezi Juni 363, baada ya kutawala miezi kama 20 tu.